Ngozi inayobaki baada ya kupungua uzito, na upasuaji wa kuiondoa

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyehangaika mwaka mzima au miwili hadi akafanikiwa kupunguza kilo 50, 60 au hata 100 hutarajia kwamba siku atakaposimama mbele ya kioo ataukuta mwili aliokuwa nao enzi za ujana. Mara nyingi haukuti. Badala yake hukuta ngozi iliyobaki bila kazi: tumbo limelala juu ya mapaja kama gunia lililomwagwa nafaka yake, mikono inatikisika kwa chini anapoipunga, matiti yamesinyaa, na mapaja yanasuguana kwa ndani hadi kuchubuka. Wapo wanaodhani kwamba yale ni mafuta yaliyosalia na kwamba wao wameshindwa, hivyo huzidi kujinyima chakula na kukimbia barabarani alfajiri. Hawajashindwa. Kilichobaki si unene, na hakuna mlo wala zoezi linaloweza kukiondoa.

Mfano ulioelezwa sana na vyombo vya habari duniani ni wa Paul Mason, mwenyeji wa mji wa Ipswich nchini Uingereza, ambaye wakati mmoja alitajwa kuwa mtu mzito kuliko wote duniani akiwa na takriban kilo 444. Mwaka 2010 alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, na katika miaka michache iliyofuata akapoteza zaidi ya nusu ya uzito huo. Ndipo lilipomjia tatizo la pili. Ngozi iliyokuwa imeubeba mwili ule ilibaki pale pale, ikimlemea, ikipasuka na kumletea maambukizo. Mwaka 2013 gazeti la The New York Times liliandika habari zake, na daktari bingwa mmoja wa upasuaji wa kurekebisha maumbile mjini New York, Jennifer Capla, akajitolea kumhudumia bila malipo. Upasuaji wa ngozi ulifanyika mwaka 2015, yaani miaka mitano baada ya ule wa mfuko wa chakula.

Katika makala haya tutaangalia kwa nini ngozi hairudi, upasuaji wa kuiondoa unavyofanyika, na hasa mambo yanayopaswa kukamilika kabla mgonjwa hajapanda kitanda cha upasuaji. Sehemu kubwa ya usalama wa tiba hii huamuliwa katika miezi ile ya kungoja, wala si siku yenyewe ya kukatwa.

Kwa nini ngozi hairudi

Ngozi ya mtu mzima hukadiriwa kuwa na eneo la mita za mraba 1.5 hadi 2. Chini ya tabaka la juu tunaloliona lipo tabaka nene lililofumwa kwa nyuzi za aina mbili. Kolajeni huipa ngozi uimara isichanike, na elastini huiwezesha kuvutika na kurejea mahali pake. Mwili hutengeneza elastini kwa wingi kabla ya kuzaliwa na katika miaka ya utoto. Mtu akishakuwa mzima, nyuzi zinazokatika hazipati mbadala wa kutosha. Michirizi inayoonekana tumboni, mapajani na mabegani mwa watu wanene ni alama ya nyuzi hizo zilizokatika kwa ndani.

Ikumbukwe pia kwamba ngozi inayovutwa kwa miaka mingi haivutiki tu, bali hukua. Madaktari wanalijua hilo vizuri, kwani wao wenyewe hupachika puto chini ya ngozi ya mtu aliyeungua moto na kulijaza maji kidogo kidogo ili ngozi mpya iote juu yake. Mwili mnene hufanya kazi ileile bila kuombwa. Mafuta yakishaondoka, eneo lililoongezeka halina pa kwenda.

Si kila anayepungua hupatwa na hali hiyo kwa kiwango kimoja. Kijana aliyenenepa kwa miaka mitatu na kupungua kilo 20 huweza kurudi karibu na alivyokuwa, lakini mama wa miaka 50 aliyezaa mara nne na kuwa mnene kwa miongo miwili hana bahati hiyo. Umri, muda ambao unene umekaa, idadi ya kilo zilizopotea, mimba, uvutaji wa sigara na urithi wa familia vyote vina nafasi yake. Mazoezi ya kujenga misuli hujaza sehemu fulani za mikono na mapaja, nayo yanafaa kwa sababu nyingine nyingi. Krimu za kupaka, hata zile zinazouzwa kwa bei ya kutisha, haziwezi kuunga nyuzi zilizokatika ndani ya ngozi. Vivyo hivyo desturi ya akina mama wa pwani ya kumfunga mzazi tumbo kwa kanga: humpa mzazi nafuu ya kiuno na hisia ya kushikiliwa, lakini kanga ikifunguliwa ngozi hubaki kama ilivyo.

Ugonjwa au urembo?

Swali hili ndilo linaloamua nani atalipa, na kwa sababu hiyo limezua mabishano kila mahali upasuaji huu unapofanyika. Anayeona ngozi hizo kwa mbali, zikiwa zimefichwa na nguo, huona ni suala la urembo. Anayeishi nazo anajua kwamba chini ya mkunjo wa tumbo hakuna hewa. Jasho hukusanyika, ngozi husuguana na ngozi, fangasi huota, vipele hugeuka vidonda, vidonda hutoa harufu ambayo mwenyewe huwa wa kwanza kuisikia. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hali hiyo haihitaji kuelezwa sana. Wengine hushindwa kujisafisha vizuri chooni, wengine hupata maumivu ya mgongo, na wengine huacha kabisa mazoezi yaliyowasaidia kupungua kwa sababu kila hatua ngozi inapiga mapajani. Juu ya hayo lipo lile lisilosemwa hadharani, la mtu kuona haya mbele ya mwenzi wake wa ndoa kuliko alivyoona alipokuwa mnene.

Wataalamu hutenganisha upasuaji wa aina mbili katika eneo la tumbo. Wa kwanza ni wa kukata na kuondoa mfuko wa ngozi na mafuta unaoning'inia, pasipo kugusa kingine. Wa pili huenda mbali zaidi: ngozi ya tumbo lote huinuliwa, misuli iliyoachana katikati huvutwa na kushonwa pamoja, kitovu hutolewa kupitia tundu jipya, na ngozi iliyobaki hunyooshwa kuelekea chini. Aina ya kwanza huhesabiwa kuwa tiba endapo masharti yatatimizwa. Ya pili, mara nyingi, huwekwa katika fungu la urembo.

Mfuko huo hupimwa kwa madaraja matano. Daraja la 1 hufika kwenye nywele za kinena, la 2 hufunika sehemu za siri, la 3 hufika sehemu ya juu ya mapaja, la 4 katikati ya mapaja, na la 5 hufika magotini au kuyapita. Nchini Marekani kampuni za bima kwa kawaida hudai ushahidi wa picha kwamba mfuko umeshuka chini ya mfupa wa kinena, taarifa za daktari kwamba vipele vimetibiwa kwa miezi kadhaa bila kupona, na uthibitisho kwamba uzito umetulia. Huko Uingereza mfumo wa afya wa umma kwa kawaida hauugharimii upasuaji huu, hata kwa mgonjwa ambaye mfumo huohuo ulimlipia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Kwa maoni ya mwandishi, mpaka huu umechorwa na wahasibu zaidi kuliko madaktari, kwa maana mgonjwa ni mmoja na safari yake ni moja. Lakini ndivyo ulivyo, na anayetaka bima imsaidie hana budi kuanza kutunza kumbukumbu za matibabu ya vipele vyake mapema.

Upasuaji ulikotoka

Kukata ngozi ya tumbo si jambo jipya. Mwaka 1899 Howard Kelly, daktari wa magonjwa ya wanawake katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyoondoa ngozi na mafuta ya tumbo lililoning'inia. Mwaka 1967 Ivo Pitanguy wa Brazil alichapisha matokeo ya wagonjwa 300 mfululizo, akiwa ameshusha mkato chini kabisa ili kovu lifichwe na nguo ya ndani. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1966, Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa (hana undugu na yule wa Ipswich) alianza upasuaji wa kuuruka sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili mgonjwa apungue. Njia hizo mbili zilikwenda kila moja upande wake kwa miaka mingi. Zilikutana pale upasuaji wa kupunguza uzito ulipoanza kufanywa kwa matundu madogo katika miaka ya 1990 na idadi ya waliopungua ikapanda ghafla, kiasi kwamba madaktari wa maumbile wakajikuta wakipokea miili ambayo vitabu vyao havikuwa na maelezo yake.

Mchango uliobadilisha kazi hiyo ulitoka kwa Ted Lockwood wa Marekani. Mwaka 1991 alieleza juu ya utando mwembamba lakini imara uliomo ndani ya mafuta chini ya ngozi, akaonyesha kwamba mshono ukishikizwa kwenye utando huo ndio unaobeba mvuto, na ngozi yenyewe hukutana bila kukazwa. Kabla ya hapo makovu yalikuwa yakitanuka na kushuka. Kutokana na kazi yake ukapatikana upasuaji wa kuzunguka kiuno kizima kama mkanda, unaoinua kwa pamoja tumbo, nyonga na makalio. Mwaka 2005 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walitoa kipimo kinachogawa mwili katika maeneo 10 na kulipa kila eneo alama kuanzia 0 hadi 3 kulingana na ukubwa wa ulegevu. Faida ya kipimo hicho ni kwamba daktari na mgonjwa huzungumza jambo moja. Kusema tu kwamba ngozi imelegea hakumwambii mtu ni upasuaji gani unaohitajika.

Kwa tumbo ambalo ngozi imezidi pande zote, yaani juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, mkato wa chini peke yake hautoshi. Huongezwa mkato wa wima kutoka chini ya kifua, na kovu hubaki na umbo la herufi T iliyopinduliwa. Pale mistari hiyo miwili inapokutana ndipo mahali ambapo kidonda hufunguka mara nyingi zaidi. Mikono hukatwa kwa ndani kuanzia kwapani kuelekea kwenye kiwiko, na mapaja hukatwa kwa ndani kuanzia kinenani. Matiti huinuliwa, na kwa wanaume ngozi na mafuta ya kifuani huondolewa.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo matangazo ya biashara hulipitia kwa haraka. Upasuaji huu hauiondoi ngozi na kuacha mwili safi. Hubadilisha ngozi kwa kovu, na kovu lenyewe ni refu. La kuzunguka kiuno humzunguka mtu mzima. Kwa watu wenye ngozi nyeusi lipo la kuongeza: hatari ya kovu kuvimba na kuota kupita mipaka ya jeraha ni kubwa zaidi kuliko kwa wenye ngozi nyeupe. Mtu aliyewahi kupata kovu la namna hiyo sikioni alipotogwa, kifuani au begani, anapaswa kumweleza daktari tangu siku ya kwanza.

Kungoja kunakookoa

Daktari makini hamkubalii mgonjwa siku anayoomba. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula, kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18, na katika muda huo uzito uwe umetulia kwa angalau miezi 3 hadi 6. Sababu ni nyepesi. Anayekatwa akiwa bado anapungua atalegea tena, na anayekatwa kisha akanenepa atauvuta mshono. Mwanamke anayetarajia kuzaa tena hushauriwa azae kwanza, kwa kuwa mimba huweza kuharibu kazi yote ya tumbo.

Uwiano wa uzito na urefu nao una sauti katika uamuzi. Hupatikana kwa kugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.65 na kilo 120 ana uwiano wa 44. Akifika kilo 80 uwiano wake huwa 29. Matatizo ya vidonda huongezeka kadiri uwiano unavyopanda, hivyo madaktari wengi hupendelea mgonjwa awe karibu na 30, na huwa waangalifu mno anapozidi 35. Hata hivyo wapo wagonjwa ambao mfuko wa ngozi wenyewe ndio unaowazuia kutembea na kupungua zaidi, na kwao daktari huweza kuuondoa mapema kama hatua ya kwanza.

La tatu ni damu na chakula. Mfuko wa chakula ukishapunguzwa au kurukwa, mtu hula kidogo, na baadhi ya virutubisho hupita bila kufyonzwa. Upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12, folate, vitamini D na protini ni wa kawaida, na kidonda chenye urefu wa zaidi ya mita moja hakiponi kwa mwili wenye njaa ya ndani. Wataalamu hutaka mgonjwa ale gramu 60 hadi 100 za protini kwa siku, wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji. Mayai, samaki, dagaa, maziwa na maharage vinatosha kabisa kama vitaliwa kwa mpango. Vipimo vya damu hufanywa mapema ili upungufu urekebishwe, kwa sababu kuujua usiku wa kuamkia upasuaji hakumsaidii mtu.

La nne ni tumbaku. Nikotini huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa kutoka kwenye nyama ya tumbo huishi kwa mishipa hiyo midogo pekee. Ikibanwa, ukingo wa ngozi hufa na kuwa mweusi. Ndiyo maana mgonjwa huagizwa kuacha angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada ya upasuaji. Agizo hilo halihusu sigara peke yake. Ugoro, tumbaku ya kutafuna na shisha vyote vina nikotini. Baadhi ya madaktari hupima mkojo kuhakikisha, na wana haki ya kufanya hivyo.

Siku hizi lipo kundi jipya la wagonjwa. Dawa ya semaglutide iliidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito mwaka 2021, na tirzepatide ikafuata mwaka 2023. Katika utafiti mkuu wa dawa ya kwanza watu walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68. Katika ule wa pili, waliopewa dozi ya juu walipungua kwa wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 72. Hao nao hubaki na ngozi, japo kwa kawaida si kwa kiwango cha aliyepoteza nusu ya mwili. Wana mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, wengi wanaoacha dawa hizi hunenepa tena, kwa hiyo neno "uzito umetulia" linahitaji kuulizwa vizuri: umetulia kwa dawa, au bila dawa, na dawa itaendelea? Pili, dawa hizi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Mgonjwa aliyefunga tangu jioni huenda bado ana chakula tumboni asubuhi, kikapanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Daktari wa usingizi lazima aambiwe, hata kama dawa ilinunuliwa kimyakimya.

Hatari zake

Matatizo madogo baada ya upasuaji huu si jambo la nadra, na anayeambiwa kwamba hakuna tatizo lolote anadanganywa. Majimaji hujikusanya chini ya ngozi iliyoinuliwa. Hutolewa kwa mirija inayoachwa mwilini kwa siku kadhaa, na ikishaondolewa pengine hulazimu kuvutwa kwa sindano. Kingo za kidonda huachana mahali palipokazwa. Usaha huweza kutunga, hasa kwenye mapaja kwa kuwa mkato uko karibu na sehemu za siri. Ngozi ya chini ya kitovu hubaki na ganzi kwa miezi mingi, na ya mkononi vilevile. Paja likikatwa karibu na mishipa ya limfu, mguu huweza kuvimba. Mengi ya hayo hupona kwa uvumilivu na kufungwa vidonda, lakini humrudisha mgonjwa hospitalini na humwongezea gharama ambazo hakuzipangia.

Hatari inayoua ni nyingine. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu huweza kung'oka na kuziba mishipa ya mapafu, na miongoni mwa upasuaji unaohesabiwa kuwa wa urembo, ule wa tumbo ni kati ya wenye hatari kubwa zaidi ya jambo hilo. Mgonjwa amelala kwa saa nyingi, tumbo limebanwa, na maumivu humfanya asitake kuinuka. Kinga yake ni vifaa vya kuminya miguu wakati wa upasuaji, sindano za kuzuia damu kuganda kwa wanaostahili, na kuinuka kutembea siku ileile au kesho yake, hata kama ni kwa kuinama kama kikongwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari, hivyo navyo vitajwe kwa daktari.

Kwa sababu hiyo pia, kukata maeneo mengi siku moja si busara kwa kila mtu. Tumbo na kiuno hutangulia kwa kawaida, kisha mikono, matiti na mapaja hufuata baada ya miezi 3 au zaidi. Anayeahidiwa kumalizwa mwili mzima kwa siku moja, kwa bei moja, na aulize saa za upasuaji zitakuwa ngapi na nani atamlinda usiku wa kwanza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Unene si tatizo la ng'ambo tena. Takwimu za taifa za Kenya za mwaka 2014 zilionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene, na za Tanzania za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha asilimia 28. Huduma za kupunguza uzito hospitalini, kuanzia puto linalowekwa katika mfuko wa chakula hadi upasuaji, zimeshaingia katika miji mikubwa ya nchi hizi. Watakaohitaji kuondolewa ngozi ni matokeo ya kawaida ya huduma hizo, na ni vizuri mtu alielezwe hilo kabla ya kuanza kupungua, sio baadaye.

Wapo madaktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile katika kanda yetu. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika hutoa mafunzo ya ubingwa huo. Kazi yao ya kila siku imekuwa ni majeraha ya moto, midomo sungura na ajali, na mkono uliozoea kazi hizo unajua kuheshimu mishipa ya ngozi. Jambo la kufanya ni kuthibitisha kwamba anayejitangaza ameandikishwa kweli, kupitia Baraza la Madaktari Tanganyika au baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, na kwamba ubingwa wake ni wa fani hiyo. Jumba lenye vioo na picha za kabla na baada si ushahidi wa lolote. Muhimu kuliko vioo ni chumba cha upasuaji chenye daktari wa usingizi, damu ya kuongeza na mahali pa wagonjwa mahututi.

Wengine husafiri kwenda India au Uturuki. Madaktari stadi wapo huko, na bei huweza kuvutia. Lakini hesabu ya tiketi na hoteli mara nyingi husahau kwamba matatizo mengi ya kidonda hujitokeza katika wiki ya pili na ya tatu, wakati mgonjwa ameshapanda ndege kurudi nyumbani. Safari ndefu ya kukaa kitini siku chache baada ya upasuaji wa tumbo ni hatari yenyewe kwa kuganda kwa damu. Anayekwenda ajipangie kukaa huko hadi daktari wake aridhike, arudi na maelezo yote ya upasuaji kwa maandishi, na kabla ya kuondoka awe ameshazungumza na daktari wa hapa atakayekubali kumpokea.

Baada ya kurudi nyumbani

Siku za mwanzo mgonjwa hutembea ameinama na hulala amekunja magoti ili mshono usivutike. Mirija huondolewa majimaji yanapopungua, mara nyingi yakiwa chini ya mililita 30 kwa siku. Nguo maalumu ya kubana huvaliwa wiki 4 hadi 6. Kubeba ndoo ya maji, mtoto au mzigo wowote mzito hakuruhusiwi kwa wiki 6 hivi, jambo linalomaanisha kwamba katika nyumba nyingi lazima awepo ndugu wa kusaidia, na lipangwe kabla. Uvimbe huisha polepole. Kovu huwa gumu na lenye rangi kali miezi ya kwanza, kisha hufifia, na umbo lake la mwisho huonekana baada ya miezi 12 hadi 18.

Tafiti zilizofuatilia wagonjwa hawa zinaonyesha kwamba wengi wao hutembea vizuri zaidi, hupata nafuu ya vipele na huridhika na miili yao kuliko waliobaki na ngozi. Macho, hata hivyo, huchelewa kuliko kisu. Wapo wanaoendelea kununua nguo kubwa na kupita mlangoni kwa ubavu mwaka mzima baadaye, na wapo ambao huzuni yao haikuwa kwenye ngozi tangu mwanzo. Hao mazungumzo na mshauri wa afya ya akili huwafaa kabla ya upasuaji wa pili kufikiriwa.

Dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi ni homa, harufu au usaha kwenye mshono, ngozi inayogeuka nyeusi, tumbo linalovimba upande mmoja ghafla, mguu mmoja unaouma na kuvimba, maumivu ya kifua, na kukosa pumzi. Mbili za mwisho zikitokea, hata mara moja na hata zikipungua zenyewe, asiachwe nyumbani.